Jino lililotolewa mshipa huvunjika kwa kuwa limekauka, au tunalisingizia?

#1 Mwambao77
Habari zenu wanajamvi. Mwezi uliopita gego langu la chini, upande wa kushoto, lilipasuka katikati nikila wali na maharage, na wala sikuuma kokoto wala mfupa. Gego hilo lilifanyiwa ruti kanali miaka miwili iliyopita: mizizi ilisafishwa, ikajazwa, kisha jino likazibwa juu kwa dawa ya rangi ya jino. Daktari aliniambia nirudi baada ya wiki chache ili livishwe kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino juu na pande zote. Sikurudi, kwa sababu maumivu yalikuwa yamekwisha, na bei ya kofia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha nilizokwisha kulipa. Safari hii ufa ulikuwa umeshuka hadi chini ya ufizi, na jino likang'olewa.

Mama mkwe wangu anasema kwamba jino likiuawa mshipa hukosa damu, likakauka kama tawi lililokatwa mtini, na kwamba kuvunjika kwake ni suala la muda tu. Ninauliza kwa sababu gego la juu, upande uleule, nimeambiwa linahitaji matibabu hayohayo. Je, ni ruti kanali yenyewe inayolidhoofisha jino? Kama ndiyo, kwa nini nisiling'oe mapema na kuokoa fedha?

#2 Bi_Zuhura
Pole sana mwanangu. Mama mkwe wako amesema niliyoyaona kwa macho yangu. Marehemu mume wangu alitibiwa magego mawili namna hiyo, yote mawili yakageuka rangi yakawa ya kijivu, na yote mawili yakavunjika, la kwanza kwa muwa na la pili kwa kipande cha mkate wa kawaida. Meno yake mengine, yenye mishipa yake, alizikwa nayo. Kitu kisichopata damu hakina uhai, na kisicho na uhai hukauka.

#3 Seremala_wa_Zamani
Bi Zuhura, shikamoo. Ninaomba ruhusa ya kupinga mfano wa tawi, kwa kuwa mbao ndiyo kazi yangu kwa miaka 30. Mninga uliokaushwa vizuri hubeba mzigo mkubwa kuliko mninga mbichi wa unene uleule, na ndiyo maana hatutengenezi kitanda kwa mbao mbichi. Tofauti ni kwamba mbao mbichi hupinda kwanza, ukapata onyo, ilhali kavu hukatika bila taarifa. Kwa hiyo hata kama jino hukauka kweli, hilo peke yake halithibitishi kwamba limekuwa dhaifu.

Mimi ningeuliza kwanza: jino hilo lilibakiwa na kuta ngapi? Nikitoboa tundu la kitasa katikati ya mlango, mlango hauyumbi. Lakini nikikata mhimili wa pembeni, utalegea hata kama sijaugusa katikati.

#4 Kinywa_Salama
Ninafanya kazi ya tiba ya meno, na ninashukuru kwamba Seremala amefika kwenye jambo lenyewe kabla yangu. Nitaeleza kwa urefu kidogo.

Dhana ya ukavu haikutoka kwa akina mama wakwe pekee. Mwaka 1972 ulichapishwa utafiti uliopima meno ya mbwa, ukakuta kwamba yaliyotolewa kiini, yaani nyama laini ya ndani yenye mshipa na damu, yalikuwa na maji pungufu kwa takriban asilimia 9, na madaktari wengi wakafundishwa hivyo kwa miaka mingi. Baadaye, mwaka 1994, yalipimwa meno ya binadamu, yaliyotibiwa mizizi na yasiyotibiwa, na kiasi cha maji kikakutwa karibu sawa, takriban asilimia 12 kwa pande zote mbili. Miaka miwili kabla ya hapo, Sedgley na Messer walichukua jozi 23 za meno, kila jozi kutoka kinywa kimoja, jino moja likiwa limetibiwa mzizi na mwenzake wa upande wa pili likiwa zima, wakayapima kwa kuyabonyeza, kuyatoboa na kuyavunja. Tofauti waliyoipata ilikuwa ndogo mno kuweza kuyaita yaliyotibiwa kuwa makavu au mepesi kukatika.

Kinachopungua ni jino lenyewe. Mwaka 1989, huko Minnesota, Reeh, Messer na Douglas walichukua magego madogo ya juu yaliyokwisha kung'olewa, wakayapima kila baada ya hatua moja ya kazi. Kulifungua jino ili kuufikia mzizi kulipunguza ukakamavu wake kwa asilimia 5 tu. Kuchimba tundu la kuziba kwenye uso wa kutafunia kulipunguza asilimia 20. Kuchimba tundu linalovuka jino zima na kuondoa matuta mawili ya pembeni, yale yanayogusana na meno jirani ya mbele na nyuma, kulipunguza asilimia 63. Kwa hiyo Ndugu Mwambao77, tundu la ruti kanali ndilo lililokuwa na hatia ndogo zaidi. Jino lako huenda lilikuwa limekwisha kuibiwa na uozo, na pia na mtu aliyeliziba mara ya kwanza, kabla hujalala kwenye kiti cha matibabu ya mzizi.

#5 Mwambao77
Ahsante sana. Ni kweli, lilikuwa limezibwa mara mbili kabla, mara ya kwanza nikiwa sekondari. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo.

#6 Mwalimu_wa_Fizikia
Ninaomba kusahihisha jambo moja katika #4 kabla halijasambaa. Ukakamavu si nguvu. Ukakamavu unaeleza kiasi ambacho kitu hupinda kinapowekewa mzigo, ilhali nguvu inaeleza mzigo unaokivunja. Namba 5, 20 na 63 ni za ukakamavu. Mtu asije akasema kwamba jino lake limebakiwa na asilimia 37 ya nguvu, kwa sababu hilo halikupimwa.

Hata hivyo, ninakubali kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Ukuta mrefu na mwembamba uliopoteza tuta la kuushika hupinda kila unapotafuna, na tunatafuna mara nyingi sana kwa siku. Kila kupinda kunaweza kusogeza ufa mdogo mbele kidogo, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Ndiyo maana jino huvunjika siku ya wali laini, wakati kazi ya kulivunja ilikwisha kufanyika kwa miezi kadhaa.

#7 Mama_Pacha
Mimi ninashangaa kidogo, kwa kuwa jino langu la mbele juu lilitibiwa mzizi nilipoanguka na baiskeli, sikuvishwa kofia yoyote, na huu ni mwaka wa 14. Ninakula mahindi ya kuchoma bila hofu. Tatizo langu pekee ni rangi, kama alivyosema Bi Zuhura. Je, nimekuwa na bahati tu?

#8 Kinywa_Salama
Mama Pacha, si bahati tu. Jino la mbele hukata. Haligandamizwi kutoka juu kama gego. Isitoshe, jino lililotibiwa kwa sababu ya kuanguka mara nyingi huwa na kuta zake zote, tofauti na lililoliwa na uozo. Sorensen na Martinoff, mwaka 1984, walikagua meno 1,273 yaliyotibiwa mizizi, wakaona kwamba kofia iliyasaidia sana magego makubwa na madogo, lakini kwa meno ya mbele haikuleta tofauti ya maana. Kumvisha kofia mtu mwenye jino la mbele lililo zima ni kulichonga jino zuri bila sababu.

Mwalimu, masahihisho yako ninayapokea.

#9 Msafiri_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Nina maelezo mengine ambayo hayajaguswa. Niliambiwa na daktari wangu hapa kwamba jino lisilo na mshipa halijui kujihurumia. Jino zima likibanwa kupita kiasi hutoa taarifa na taya hulegea papo hapo, lakini lililotolewa kiini huendelea kubana. Mimi husaga meno usiku, mke wangu hunisikia akiwa chumba cha pili, na gego langu lililotibiwa lilipasuka likiwa na kofia juu yake. Lilipasuka mzizi. Tangu hapo ninalala na kinga ya plastiki mdomoni.

Kwa hiyo kofia si kinga ya kila kitu, na tusimwambie Ndugu Mwambao77 kwamba angevishwa kofia basi angekuwa salama.

#10 Nesi_wa_Ziwa
Msafiri, hilo la jino kutojihurumia nililisoma, na msingi wake ni utafiti wa Randow na Glantz wa mwaka 1986, ambapo meno yasiyo na kiini yalistahimili mzigo zaidi ya mara mbili kabla mwenye jino hajahisi maumivu. Lakini walipimwa wagonjwa wachache mno. Tena hisia ya kubana haitoki ndani ya jino peke yake. Kuzunguka mzizi kuna utando unaolishikiza jino kwenye mfupa, nao umejaa neva ambazo ruti kanali haizigusi. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa mzizi bado anahisi punje ya mchanga kwenye mchicha. Ninaona kwamba kwako wewe kusaga meno kunatosha kueleza kila kitu, kwa kuwa watu wenye tabia hiyo huvunja hata meno mazima.

#11 Msafiri_Maskati
Nimekuelewa, lakini meno yangu mazima hayajavunjika. Limevunjika hilo moja tu, na yote yamesagwa usiku uleule.

#12 Nondo_Imara
Wakuu, mnazunguka sana. Jino likitolewa kiini linabaki tupu, na kitu kitupu hutiwa nguzo. Mimi niliwekewa nondo ya chuma ndani ya mzizi, kisha likajengwa juu yake kama nguzo ya zege. Mwambao77 adai nondo, hilo ndilo jibu.

#13 Seremala_wa_Zamani
Ndugu Nondo, zege na jino havifanani. Nondo ndani ya zege hubeba mvuto ambao zege haliwezi kuubeba. Msumari uliogongwa ndani ya mti mwembamba haubebi kitu, unafanya kazi ya kabari, na kabari kazi yake ni kupasua.

Tazameni patasi. Mpini wake una pete ya chuma iliyouzunguka kwa nje, na ni pete hiyo inayouzuia mpini usipasuke nyundo inapopiga. Hakuna fundi anayetia chuma ndani ya mpini ili kuuimarisha. Nadhani kofia ya jino ndiyo pete, na nondo ndiyo msumari. Kinywa_Salama anisahihishe kama nimevuka mpaka wa fani yangu.

#14 Kinywa_Salama
Hujavuka, na mfano huo nitauazima kwa wagonjwa wangu. Nondo, au kijiti kama wengine tunavyokiita, kazi yake ni kushikilia dawa ya kujengea pale ambapo sehemu ya juu ya jino imekwisha kabisa. Hakiongezi nguvu ya mzizi. Kinyume chake, nafasi yake huchimbwa ndani ya mzizi, na kila milimita inayochimbwa ni dentini, yaani mwili mgumu wa jino lenyewe, isiyorudi. Vijiti vya chuma ni vigumu kuliko dentini mara nyingi, kwa hiyo jino linapolemewa, mzizi ndio unaopasuka. Vile vya nyuzi za kioo hupinda kwa namna inayokaribiana na dentini, na vikishindwa mara nyingi hung'oka au hukatika vyenyewe, jambo linaloweza kurekebishwa.

Kuhusu pete, kuna sharti ambalo wagonjwa hawaambiwi. Pete hiyo haina kazi kama haijaukumbatia mwili wa jino lenyewe. Tunatafuta ukingo wa jino halisi, si dawa, wa milimita 1.5 hadi 2 juu ya ufizi, kulizunguka jino lote ikiwezekana. Kofia iliyokaa juu ya dawa tupu ni sawa na pete ya patasi iliyovishwa hewani. Ndugu Nondo, kama jino lako lina ukingo huo, litadumu kwa sababu ya ukingo.

#15 Nondo_Imara
Lina miaka sita sasa na halijatikisika. Lakini nimeelewa tofauti, na nitaomba picha ya eksirei nione ukingo huo.

#16 Meru_Juu
Ninaomba kuongeza la kwetu Arusha. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Meru tumekunywa maji yenye madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ya miamba ya volkano, na meno yetu yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Watu hudhani ni rangi tu. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikiwa na madoa mazito huwa na vitundu chini ya uso wake na hubanduka vipandevipande. Gego langu lilipotibiwa mzizi, dawa ya rangi ya jino haikushika vizuri. Ilitoka mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ilibidi nivishwe kofia, si kwa sababu ya mzizi bali kwa sababu ngozi ya jino haikuwa na mahali pa gundi kushika. Kwa hiyo swali la "jino lililotibiwa lina nguvu gani" lina jibu tofauti kwa mtu wa Meru na kwa mtu wa Tanga.

#17 Mwalimu_wa_Fizikia
Nimerudi kwa ajili ya suala la kofia, kwa kuwa linagharimu fedha nyingi na watu wanalizungumzia kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Takwimu inayotajwa zaidi ni ya Aquilino na Caplan ya mwaka 2002, kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvishwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovishwa. Ni namba ya kutisha. Lakini tujiulize: ni nani huvishwa kofia? Ni yule mwenye fedha, anayerudi kliniki, na ambaye daktari ameona jino lake linafaa kugharimiwa. Jino lililokwisha kukatiwa tamaa halivishwi. Kwa hiyo sehemu ya hiyo mara 6 huenda inatokana na uteuzi wa meno na si kazi ya kofia.

Ulipofanyika mpango wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2002, magego madogo 117 yaliyobakiwa na kuta nzuri yaligawanywa, mengine yakapewa kofia na mengine yakajengwa kwa kijiti cha nyuzi na dawa ya rangi ya jino, na baada ya miaka 3 hapakuwa na tofauti ya maana ya kushindwa. Wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipotafuta ushahidi wa namna hiyo baadaye, walisema hautoshi kuamua kati ya kofia na kuziba kwa kawaida.

#18 Kinywa_Salama
Mwalimu, hoja ya uteuzi ni ya haki. Lakini angalia mipaka ya hao 117: yalikuwa magego madogo, kuta nzuri, na miaka 3 tu. Gego kubwa la chini lenye kuta mbili nyembamba halimo humo. Kuna pia kumbukumbu za bima za Marekani zilizochapishwa mwaka 2004, za meno zaidi ya milioni 1.4, ambapo asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka 8, na kati ya yale yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa na kofia kamili. Najua utasema kwamba ni watu wenye bima. Ni kweli. Lakini ninapokaa na mgonjwa siku ya Jumatatu siwezi kumwambia asubiri ushahidi ukamilike. Ninahesabu kuta, ninatazama jino linalotafuna dhidi yake, ninauliza kama anasaga meno, kisha ninasema ninachokiona.

Kuna njia ya katikati pia, ambayo ni kupunguza vilele vya kutafunia na kuvifunika kwa dawa ileile ya kuzibia. Haidumu kama kofia, lakini huzuia kuta zisipanuliwe na chakula kama kabari, na kwa mtu anayekusanya fedha inaweza kumvusha. Ninachokipinga ni kuacha dawa ya muda kwa miezi. Mate yakipenya pembeni yake, bakteria hurudi mizizini na kazi yote ya ndani huharibika, hata jino lisipovunjika.

#19 Bi_Zuhura
Nimewasoma wote kwa utulivu. La ukavu nimelegeza kidogo, ila nina swali. Mjukuu wangu anayesomea maabara ameniambia kwamba mizizi husafishwa kwa maji ya jamii ya jiki. Mimi najua jiki inavyolifanya shuka likishalowekwa usiku kucha: linabaki jeupe, ukilivuta linachanika. Je, ndani ya jino hali ni tofauti?

#20 Nesi_wa_Ziwa
Bi Zuhura, swali lako ni zito. Dawa hiyo, haipokloraiti ya sodiamu, huyeyusha nyama iliyooza na huua bakteria, na ndiyo sababu hatuna mbadala wake wa kweli. Lakini dentini nayo ina nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoishikamanisha. Vipande vya dentini vilivyolowekwa kwenye maabara katika dawa kali kwa muda mrefu vilipungua nguvu na ukakamavu. Ndani ya mzizi dawa hugusa ukuta wa mfereji, si jino zima kama shuka ndani ya beseni, kwa hiyo athari inaweza kuwa ndogo kuliko ya maabara. Walakini haiwezi kuwa sifuri, na nadhani inastahili nafasi pamoja na sababu nyingine zilizotajwa hapa.

#21 Mwambao77
Ninawashukuru wote. Jana nilikwenda na orodha ya maswali yenu. Gego la juu limepoteza tuta moja la pembeni, kuta tatu zimebaki na unene wa kutosha, na ukingo wa jino halisi juu ya ufizi upo karibu pande zote. Daktari amekubali kusafisha mizizi kwanza, kufunika vilele kwa dawa, kisha kofia baada ya miezi mitatu, na safari hii nimelipa sehemu ya kofia kabla ya kulala kitini. Mama mkwe wangu nimemsomea #3 na #13. Amesema Seremala ana akili, lakini kwamba tawi ni tawi.

#22 Bi_Zuhura
Msalimie sana. Lakini mwanangu, hilo gego la juu si ndilo lililokuwa likitafuna na lile ulilong'oa? Sasa chini yake kuna pengo. Marehemu aliambiwa kwamba jino lisilo na mwenzake hushuka polepole likifuata pengo. Umemuuliza daktari utaliwekea nini hapo chini, kabla hujamaliza kulipia la juu?